Bendera Mabegani mwa Mwanangu

Siku mwanangu alipokuwa fahari ya taifa, mimi nilikuwa Arlington, Marekani, nimepiga magoti kwenye zulia, namkata kucha za miguu bibi mmoja wa Kimarekani ninayemtunza. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni na haikukoma. Kwetu sisi tunaoishi mbali, simu nyingi kwa mpigo zina maana moja tu, nayo ni msiba. Nikamwomba bibi radhi, nikaingia jikoni kwake, nikaketi kabisa kabla ya kufungua.

Ujumbe wa kwanza ulisema hongera mama. Wa pili ulisema Mungu hamtupi mja wake. Wa tatu ulitoka kwa kaka yangu, Njombe, naye alikuwa amenuna: kwa nini habari za mpwa wake mtu anazipata kwa majirani? Habari zipi? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui ninapongezwa kwa lipi. Ndipo nikaifungua video.

Alikuwa yeye. Nywele amesuka twende kilioni, nguo nyeusi tupu, amesimama mbele ya Wazungu wengi waliokaa na fidla na tarumbeta zao, anapunga mikono. Muongozaji wa okestra moja kubwa huko Ulaya alikuwa ameugua ghafla, wakamtafuta mtu wa kushika nafasi yake, wakampata binti yangu. Alipanda ndege siku ileile, kesho yake akasimama, na ukumbi mzima ukainuka kumpigia makofi. Mtu fulani nyumbani akaikata ile video, akaipamba kwa bendera yetu. Kiongozi mmoja akaisambaza akiandika kwamba huyu ni binti wa Kitanzania. Hadi jua linazama nchi nzima ilikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo ni wangu.

Nilirudi nikamalizia kucha. Bibi akaniuliza kama ni habari mbaya. Nikamwambia sijui.

Niseme ukweli, kazi ya mwanangu nilikuwa siielewi, na sina hakika kwamba naielewa sasa. Mimi nimeimba kwaya tangu utotoni. Mwalimu wa kwaya namjua: anakufundisha sauti yako mpaka uimeze, anapiga kinanda, anaimba, anakugombeza ukichelewa mazoezi, na siku ya Jumapili anapunga mikono kidogo kwa ajili ya heshima. Lakini wale watu wa mwanangu wameshasoma. Karatasi wanazo mbele yao. Sasa yeye wa nini? Niliwahi kumuuliza, "Ukikaa chini, wataacha kupiga?"

Akacheka. "No, Mama, wataendelea."

"Sasa?"

"Sasa wataendelea vibaya."

Sikuelewa, ila nikaacha. Mtu akikupa hongera unasema asante, huanzi kumuuliza hongera ya nini.

Watanzania tukipata jambo, liwe harusi au msiba au mtoto aliyepunga mikono Ulaya, tunaunda kamati. Kikao cha kwanza kilifanyika mjini Falls Church, katika fleti ya mwenyekiti, mtu wa Mwanza anayefanya kazi za kompyuta na anayeongea kama anasoma taarifa ya habari. Ikapatikana kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya ukumbi, na kamati ndogo ya sare, ambayo aliishika mke wa mwenyekiti. Bahati ilikuwa upande wetu. Okestra moja ya huku ilikuwa imeshamwalika binti yangu tangu zamani aje aiongoze Jumapili moja mchana. Kwa hiyo mpango ulikuwa hivi: twende wote kwenye onyesho tukiwa na sare, kisha tumchukue, tumlete kwenye ukumbi wa Falls Church, tumvike bendera ya taifa, aongoze wimbo wa taifa, tule pilau.

Vitenge vilichapishwa Dar vikaja kwenye masanduku ya watu. Vilikuwa vya kijani, vina sura ya mwanangu imerudiwarudiwa, mikono juu. Fundi wetu alikata kwa haraka. Mke wa mwenyekiti alipokivaa chake na kugeuka, sura ya mwanangu ilikuwa imekaa sawasawa pale anapokalia.

"Umependeza," nikamwambia.

"Si unaona? Nimembeba mtoto wetu," akasema, akaketi juu yake.

Nilikasirika, nikacheka, vyote kwa pamoja. Mambo yote ya mwaka ule yalinijia hivyo.

Kisha nikampigia binti yangu kumweleza ratiba. Aliyapokea yote vizuri, hata vitenge, mpaka nilipofika kwenye bendera. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama," akasema, "I can't wear that."

"Kwa nini? Utavaa juu ya nguo zako, dakika mbili tu."

"Siyo hivyo. Mama, mimi si Mtanzania tena. Nilisha-take oath. Mwaka jana."

Wasomaji wa kwetu hawahitaji maelezo, ila kwa wengine niseme: sheria ya nchi yangu haina uraia pacha. Mtu mzima akila kiapo cha nchi nyingine, amejitoa. Hakuna mtu anayekuja kukunyang'anya kitu, wala hakuna kengele inayolia. Unakula kiapo huku, na kule unakuwa mgeni.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniuliza kama naikumbuka ile kazi aliyoikosa.

Niliikumbuka. Ilikuwa majira ya baridi, walimpigia vilevile, muongozaji kaugua, njoo. Lakini kwa pasipoti yetu alihitaji viza, na miadi ya viza ilikuwa mbali, na walimtaka kesho. Wakamchukua mtu mwingine. Alikuja kwangu Riverdale Park akalala kwenye kochi langu amegeukia ukuta, na mimi nikampikia ugali na dagaa nikidhani ni mambo ya mvulana.

"Hivyo ndivyo mtu mdogo anavyopata nafasi kwenye kazi yetu," akasema. "Mkubwa anaugua, wanapiga asubuhi, wanakutaka kesho. Hawasubiri viza, Mama. So nikaamua nisikose tena."

Safari hii walipopiga, akachukua pasipoti mpya, akaenda uwanja wa ndege.

Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa ananiambia. Ile safari iliyomfanya awe fahari ya Tanzania, aliiweza kwa sababu si Mtanzania. Angebaki wetu, asingefika, na tusingekuwa na wa kujivunia. Nililigeuza jambo hilo kama mtu anayegeuza fulana gizani akitafuta upande wa nje. Kila nikidhani nimeupata, naona mshono.

Nikamweleza jirani yangu, Mkenya, nesi, tunayegawana naye safari za sokoni. Yeye akashangaa tu.

"Si akuwe tu na zote mbili? Sisi tuko nazo."

"Sheria yetu haitaki."

"Nyinyi Wabongo! Mnapenda mtoto na hamtaki ku-share. Haya, mwambie akuje kwetu, tutam-claim hata leo."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi, halafu usiku kucha nikawa nimemkasirikia yule jirani, ambaye hakuwa amekosea chochote. Nilimkasirikia na binti yangu. Nilimkasirikia mtu aliyeandika ile sheria, simjui hata sura. Na chini ya hasira zote hizo palikuwa na woga. Mimi mipango yangu ni kuzikwa Njombe. Siku zote nilipojiona nimelala kule kwenye ule udongo mwekundu, yeye nilimwona pembeni, mwenyeji, anayejua pa kusimama. Sasa nilimwona amekuja kwa viza ya kutembelea kaburi.

Akapiga tena baada ya siku chache. "Mama, niambie wewe. Niwaambie watu, au ninyamaze? Utakachosema nitafanya."

Hapo nusura nimtukane. Anaongoza watu wazima wenye mvi kwa kijiti, halafu hili ananiletea mimi! Lakini alikuwa hatanii. Niliomba, nikalala, nikaamka, nikampa jibu nililokuwa nalo: aseme, na aseme kabla ya bendera. Cha kuazima hakisitiri maungo. Akiivaa halafu wajue baadaye, watasema alituibia. Akisema kwanza, basi atakayemvika atamvika akijua. Nilijiona nimesema kama mtu mwenye akili, na kwa siku kadhaa nililala vizuri.

Jumapili ikafika. Tulijaza mistari mizima, kijani kitupu, sura ya mwanangu kila mahali, wenyeji wa ukumbi wakitutazama kwa adabu. Akaingia, akainama, kisha akatugeuzia mgongo. Nilijua atafanya hivyo, na bado niliudhika. Nimempeleka shule mtoto, nimekuja kumwona, namwona mgongo. Wakaanza kupiga. Kipande cha kwanza kikaishia kwa kishindo, kukawa kimya, nasi tukainuka kwa vigelegele kama inavyopasa. Ukumbi mzima ukageuka. Mzee mmoja mbele yetu akaweka kidole mdomoni.

"Hawa wamefiwa?" mwenyekiti akaninong'oneza. "Mbona hawashangilii?"

Kumbe muziki ulikuwa haujaisha, ulikuwa unapumzika tu. Nikaona mabega ya mwanangu yanatikisika. Nilidhani analia kwa aibu tuliyomtia. Baadaye akaniambia alikuwa anacheka, na kwamba vilikuwa vigelegele vitamu kuliko makofi yote ya Ulaya. Mimi wakati ule sikujua, nikakaa nimejikunyata. Baadaye kidogo ikaja sehemu ya polepole, filimbi moja inalalamika peke yake na wengine wote wameinyamazia, na machozi yakanitoka. Nililia kwa nini, sijui. Sikuwa hata na huzuni.

Tulipofika ukumbini Falls Church jua lilikuwa bado liko juu, watoto wanakimbizana kwenye maegesho ya magari. Nilikuwa nimempa binti yangu ruhusa ya kusema, lakini mwenyekiti wa watu ni mtu mzima, ameijenga shughuli hii kwa mikono yake. Si adabu aumbuliwe mbele za watu. Niliona nimtangulizie habari. Nikamkuta jikoni amefunua sufuria, anaonja pilau.

"Ndugu mwenyekiti," nikamwambia, "kuna jambo kuhusu mtoto." Nikamweleza lote, kiapo, viza, mpaka neno la mwisho.

Akaenda akafunga mlango. Akarudi, akanitazama, akaanza kucheka, kicheko cha chinichini cha mtu anayeogopa kusikika.

"Dada yangu, mimi nilikula kiapo zamani sana."

"Wewe?"

"Mimi, na mke wangu, na katibu. Yule mama anayegawa sambusa pale nje, naye. Wewe bado una pasipoti ya nyumbani?"

"Ninayo."

"Basi nikuambie. Tukisema leo waimbe raia peke yao, utaimba wewe peke yako."

Nilimuuliza kama nyumbani wanajua. Kicheko kikamwisha. Akaniambia hawajui. Ana nyumba Kigamboni kwa jina lake, wakati mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi kule, ana mama yake mzazi humo ndani. Akishuka uwanja wa ndege anapita kwenye foleni ya wageni, na ndugu wanaompokea huwaambia kwamba kule foleni ni fupi. Mama yake humsifu kwa ujanja huo.

"Akisema yeye, watu watarusha mtandaoni," akasema. "Wakimaliza kumuuliza yeye watatuuliza na sisi. Mwambie aache, dada. Leo tu. Wewe ndiwe anayekusikiliza."

Kabla sijamjibu, vigelegele vikalipuka nje. Mke wa mwenyekiti, mshereheshaji wetu, alikuwa hajui kwamba sisi tumejifungia jikoni, ameshaanza. Nikafungua mlango. Bendera ilikuwa tayari iko mabegani mwa mwanangu. Hawakumpa nafasi hata ya kusema asante.

"Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa!" mke wa mwenyekiti alikuwa anasema kwenye kipaza sauti. "Sasa mtoto wetu atatuongoza katika wimbo wa taifa."

Mwanangu alikuwa ananitafuta kwa macho. Akaniona mlangoni. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya bega langu, nasikia anavyohema. Ningetikisa kichwa mara moja tu, angeacha, alikuwa ameniahidi. Ningeitikia kwa kichwa, angesema. Nilikuwa na watu wawili ndani yangu, mmoja ana mtoto ambaye hasemi uongo, mwingine ana mama wa Kigamboni asiyejua kitu, na wote wawili walikuwa na haki. Kichwa changu hakikwenda popote.

Akakichukua kile kimya changu kuwa ni lile jibu la kwanza. Akainua mkono mmoja. Ukumbi ukatulia, hata watoto.

"Ndugu zangu," akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye ukimsemesha Kiswahili hujibu nusu Kiingereza, "kabla hatujaimba, nina jambo nataka mlijue kuhusu mimi."

Kisha akatua. Mdomo ukabaki wazi kidogo, mabega yakapanda na ile bendera juu yake, macho akayafumba, na neno halikutoka.

Kanisani kwetu mtu akitoa ushuhuda akakwama, haachwi. Haiwezekani umwache mwenzako amesimama peke yake mbele za watu na machozi yake. Mtu yeyote aliye karibu huanzisha wimbo, wengine wakaudaka, naye anafunikwa mpaka ajikusanye. Hufikirii. Nimefanya hivyo mara nyingi, Njombe na hapa, kwa wajane, kwa wagonjwa, kwa watu nisiowajua. Nilipomwona mwanangu vile, mdomo wangu ulifunguka wenyewe, na wimbo uliotoka ulikuwa ule uliokuwa unangojewa. Nilianzisha wimbo wa taifa.

Niliuanza juu mno. Haikujalisha. Watu wote waliruka wima, mikono ubavuni, na kwa kuwa nusu yao ni wanakwaya, sauti zote nne zikajipanga zenyewe. Mwenyekiti aliimba nyuma ya sikio langu mpaka sauti ikampasuka. Na wimbo wa taifa haukatizwi. Ukishaanza, unasimama mpaka uishe, hata kama ni wewe uliyeuanza na umeshajuta. Mwanangu alinitazama kwa muda ambao sitausahau. Halafu mkono wake ukaanza kwenda, taratibu, akatushika tulipokuwa tunakimbia, akaturudisha pamoja, na tuliimba vizuri kuliko tulivyowahi kuimba popote. Wengi walilia. Niliwatazama mmoja mmoja nikijiuliza ni nani kati yao ni wa kwetu, kisha nikaona aibu kwa kujiuliza.

Wimbo ukaisha, makofi, vigelegele, mke wa mwenyekiti akatangaza chakula. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto alikuwa na neno. Yule mama wa sambusa alinishika mkono akaniambia, "Maskini, alizidiwa na furaha."

Mwanangu aliniendesha mwenyewe kunirudisha Riverdale Park. Kwenye barabara kuu ya Beltway magari yalikuwa yamebanana na jua linatupiga usoni. Nikamsimulia ya jikoni, yote, foleni ya wageni na mama wa Kigamboni. Hakucheka. Alikuwa ameikunja bendera akaiweka kiti cha nyuma, na kila tulipofunga breki niliona anaitazama kwenye kioo.

"Mama, ulisema niseme."

"Nilisema."

"Then you started singing."

"Ulikuwa umekwama, mwanangu. Nilikuona. Ningekuachaje?"

"Sikukwama."

"Sauti ilikukatika. Ulifumba macho."

"Mama." Akapunguza mwendo, akageuka kunitazama kidogo kisha akarudi barabarani. "Nilikuwa navuta pumzi."

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu usiyetaka kumuumiza. Kabla ya kuanza chochote anavuta pumzi, mbele yao wote, waione. Ndiyo inayowaambia kwamba sasa inakuja. Fidla zote, tarumbeta zote, watu wazima na mvi zao, wanaitazama pumzi hiyo na kuvuta naye, na hakuna anayegusa kitu mpaka aiachie. Alikuwa ana neno lake tayari mdomoni.

"Nobody ever comes in on my breath, Mama," akasema. "Kila mtu husubiri."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilitaka pia kumwambia nashukuru sikungoja, na hilo nalo lilikuwa kweli. Nikafungua mdomo, nikaona ananitazama, anangoja, nami nikavuta pumzi.